Kiglasi cha Saa Sita

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla hajakamua ng'ombe, Genoveva alimimina gongo kwenye kiglasi cha toti, akakiinua hadi usawa wa macho kwenye mwanga wa dirisha la jiko, akaongeza matone mawili, kisha akampa mdogo wake. Bura alikipokea kwa mikono miwili. Hata hivyo kiligonga meno yake kabla hajameza. Genoveva alisubiri kiishe, akakiosha, halafu akachora alama ya vema kwenye kalenda ya parokia, penye Jumanne.

"Kimoja tu, dada?"

"Kimoja. Kingine saa tatu."

"Sisikii kitu."

"Hutakiwi kusikia kitu. Unatakiwa usianguke."

Alama hizo zilikuwa zimejaa wiki tano. Mama wa miaka hamsini na minne, mwenyekiti wa wanawake wa jumuiya, ambaye aliweka nadhiri ya kutogusa pombe mwaka aliofiwa na mume, alikuwa sasa anaijua gongo kwa harufu, kwa rangi na kwa uzito wake kwenye chupa. Wiki ya kwanza Bura alipewa kiglasi kila baada ya saa moja, usiku na mchana. Kisha kila saa mbili, na sasa kila saa tatu. Kushuka chini ya hapo walijaribu mara mbili, na mara zote mbili alianza kutetemeka na kuokota kwenye blanketi wadudu ambao hawakuwepo.

Haya yote yalianzia Kwaresima, jumuiya ilipoamua kumwombea. Walimfungia kwenye stoo ya mahindi kwa siku tatu, maji tu na Biblia, wakikesha kwa zamu mlangoni. Siku ya tatu Bura alianguka. Povu lilimtoka, akajipinda, akajing'ata ulimi mpaka damu ikatapakaa kwenye magunia. Watu wakapiga makofi. Mmoja akasema pepo linatoka, mshukuruni Mungu, linatoka, na wote wakaanza wimbo. Genoveva ndiye aliyeuanzisha. Aliimba huku mdogo wake akifa mbele ya macho yake, na sauti yake ilikuwa juu kuliko za wengine. Jambo hilo hajamwambia padri wala mtu mwingine, na hana mpango wa kumwambia.

Alipoanguka mara ya pili na asiamke, walimpeleka hospitali Mbulu mjini wamemfunga kwa khanga kati ya watu wawili kwenye pikipiki. Nesi wa magonjwa ya akili, Zita, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, aliuliza swali moja: nani amemwachisha ghafla? Wanajumuiya waliangalia sakafu.

"Mwili wa mtu aliyekunywa miaka kumi na minane ukiukatia pombe siku moja, unamuua," Zita alimweleza Genoveva walipobaki wawili. "Kuna sindano na vidonge vya kumshusha taratibu. Hapa zimeisha, na sijui zitakuja lini. Nenda naye. Mpe hiyo hiyo aliyozoea, kwa kipimo na kwa saa, wewe mwenyewe, asijimiminie. Dawa ikija nitakupigia."

Alipiga Jumatatu jioni. Dawa imekuja kidogo, amemfichia Bura dozi moja. Amlete kesho kabla ya saa tisa na nusu, kwa sababu huo ndio muda wake wa kutoka, na keshokutwa asubuhi na mapema anakwenda semina Babati. Aje na barua ya kata ya msamaha wa gharama, maana bila hiyo watu wa ustawi wa jamii hawafungui faili. Na huyo mgonjwa awe na ndugu wa kukaa naye.

"Ndugu nipo," Genoveva alisema.

Kwa hiyo saa mbili walikuwa kwenye benchi la ofisi ya kata, Bura amevaa koti la marehemu shemeji yake na viatu vilivyopakwa rangi, Genoveva na mkoba wenye shuka, sahani, kijiko, kiglasi, na chupa ya maji ya nusu lita ambayo haikuwa na maji. Ukungu ulikuwa haujapanda. Mtendaji alikuwa hajafika.

Mgambo wa zamu alikuwa Isidori, mtu mzima mwenye watoto watano na buti moja lililopasuka kisigino. Alimwamkia Genoveva shikamoo, akamwangalia Bura, akatikisa kichwa.

"Huyu ndiye aliyechimba msingi wa nyumba yangu," alisema. "Siku moja na nusu. Watu wanne walishindwa."

Nani hakuwa amechimbiwa na Bura? Kule kwao ukitaka shamba lilimwe au msingi uchimbwe, unapika pombe ya mtama, unaita majirani, na wanaolima mbele ndio wanaokunywa kwanza. Bura alilima mbele tangu akiwa na miaka ishirini. Alikuwa na mgongo wa kazi, na hakuna aliyewahi kumpa kitu kingine mbali na kibuyu cha pombe. Walianza na ya mtama, miaka ilipokuwa mibaya na mtama ukawa ghali wakahamia gongo, kwa sababu chupa moja inalimisha watu watano. Genoveva naye alimwita. Misimu sita mfululizo alimlipa ndugu yake kwa ndoo ya pombe, akafurahi mahindi yakipandwa mapema. Leo watu hao hao wakimkuta amelala mtaroni husema Bura hana nidhamu.

Saa tatu ilipofika, Genoveva alimpeleka nyuma ya choo cha ofisi, akampimia, akamsubiri, wakarudi. Hakuna aliyeuliza. Watu waliendelea kuja, wakaandikwa majina, wakakaa. Saa nne mtendaji alisemekana yuko njiani. Saa tano kasorobo pikipiki yake ilisikika.

Mtendaji wa kata aliitwa Onesphory, kijana wa miaka thelathini na tatu, mwenye shati lililopigwa pasi na simu mbili. Aliinama kidogo mbele ya Genoveva.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nina barua ya kuomba."

"Nimeona foleni, mama. Nipe dakika. Kesho nina wageni wa wilayani, leo tuna operesheni."

Dakika hiyo ilimaliza saa nzima. Operesheni yenyewe ilikuwa ya gongo, kila mtu kwenye benchi alijua, na kila mtu aliijadili kwa sauti ya chini kama watu wasiohusika. Genoveva aliubana mkoba kwapani. Aliwaza kuondoka, aende hospitali bila barua, kisha akawaza dirisha la ustawi na yule dada wa pale anayesema "barua kwanza" bila kuinua kichwa. Akakaa.

Kwenye saa sita kasoro kumi Bura alianza. Kwanza vidole, halafu goti la kulia likawa linagonga benchi. Jasho lilimtoka kwenye baridi ile. Genoveva alimshika bega amwinue waende nyuma ya choo, lakini miguu yake ilikataa. Basi akafungua chupa pale pale, akamgeuzia watu mgongo, akaanza kumimina.

Gongo haijifichi. Benchi zima liligeuka. Isidori alisimama mlangoni, akamwangalia Genoveva kwa huruma ya kweli, kisha akaangalia ndani ambako mtendaji alikuwa ameshainua pua.

"Nini hicho, Isidori?"

"Chupa, bosi."

"Ilete. Na mwenye chupa."

Ndani kulikuwa na meza, picha ukutani, kabati lisilofungika na ndoo ya maji ya kunywa. Onesphory aliiweka chupa katikati ya meza akaitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mama Genoveva. Wewe? Ofisini kwangu? Leo?"

"Ni dawa ya huyu. Nesi ameagiza. Asipoipata sasa hivi ataanguka. Nirudishie nimpe kimoja, halafu tuongee unavyotaka."

"Mama, hiki sasa ni kidhibiti. Siwezi kukigusa, wala wewe."

"Mpigie nesi basi."

Alimpigia, kwa simu ya Genoveva, akaweka sauti ya juu. Zita alipokea kelele za wodi zikiwa nyuma yake. Ndiyo, alisema, ndiye aliyeagiza. Ndiyo, kwa kipimo. Ndiyo, mgonjwa anaweza kupata degedege akikosa, na degedege hiyo inaweza kumuua.

"Sawa, dada," Onesphory alisema kwa adabu. "Niandikie hilo hilo. Kwamba wewe, mtumishi wa umma, umemwelekeza raia atumie gongo. Piga mhuri, nitumie picha. Mimi nitaiachia chupa sasa hivi."

Walisikia mtoto akilia huko wodini na mtu akiburuta kitanda.

"Hiyo siwezi kuandika," Zita alisema. "Haimo kwenye mwongozo."

"Umeona, mama," Onesphory alisema, akakata simu.

Hakufurahi, ni haki kusema hivyo. Alikuwa mtu aliyekuta jambo likiwa vile vile alivyotarajia. Genoveva alimchukia, na akamchukia Zita pia kwa dakika hiyo, yeye aliyejua ukweli wote na kuusema wote mpaka alipoombwa aandike.

Bura alikuwa ameketishwa kwenye kiti kando ya kabati. Kichwa chake kilianza kuvutwa upande mmoja. "Dada," alisema, "waambie watoe hao kuku." Hapakuwa na kuku.

"Nifanye nini, Onesphory?" Genoveva aliuliza. "Sema. Umeniita ndani kwa sababu una la kusema."

Mtendaji alifunga mlango kwa mguu.

"Mama, nitakuambia kama mwanao. Tumepewa idadi. Kata ya jirani wamepeleka watu saba. Mimi nina wawili, na mmoja ni mzee asiyeona, nikimpeleka watanicheka. Wageni wanafika kesho. Wewe huna kosa kubwa, wewe umenunua. Nitajie aliyepika. Jina moja tu. Hii chupa sijaiona, barua naandika saa hii hii, na kuja hapa umekuja kwa barua tu."

Jina lilikuwa Marieta, na Onesphory alilijua kama alivyojua jina la mama yake. Alichokosa ni mtu wa kulisema. Marieta alikuwa jirani wa Genoveva ng'ambo ya korongo, mjane, mwenye wajukuu watatu na pipa moja lililofukiwa kwenye migomba. Miaka kumi Genoveva alipita nje ya nyumba ile bila kusalimia. Wiki tano zilizopita ndipo alipobisha hodi mara ya kwanza na kueleza shida yake, amesimama, akiona aibu mpaka masikio yanawaka. Marieta alimsikiliza, akasema kwa mgonjwa hatatoa ile inayotoka mwanzo, inaharibu macho, wala ya mwisho, ni maji. Tangu siku hiyo alimwekea ya katikati kwenye chupa yake peke yake, na hakutaka kulipwa.

"Niandike mimi," Genoveva alisema.

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye niliyepika."

Onesphory alicheka kidogo, bila kupenda. "Mama, usinifanye mtoto. Wewe umenifundisha katekisimu. Hujui hata moto wake unawashwaje."

"Unatafuta mpishi au unatafuta idadi?"

Nje mtu alikohoa. Mtendaji alivuta daftari, akalisukuma, akalivuta tena.

"Watasoma jina lako kule parokiani. Unajua hilo?"

"Naijua parokia kuliko wewe. Lakini sikiliza. Kwanza anakunywa. Halafu barua, yenye mhuri. Halafu Isidori anampeleka mjini kwa pikipiki yako, mpaka mkononi mwa nesi. Hayo yakiisha ndipo naweka sahihi."

"Kidhibiti hakiguswi na mtuhumiwa."

"Basi mimina wewe."

Kwa hiyo ikawa hivyo. Mtendaji wa kata, siku ya operesheni, katika ofisi ya serikali, alifungua chupa ya gongo na kumimina kwenye kiglasi alichopewa na Genoveva.

"Hakijajaa," Genoveva alisema.

Akaongeza.

"Matone mawili tena."

Akaongeza matone mawili. Genoveva alimshika Bura taya, akamnywesha taratibu. Wote wawili walikaa wakimtazama. Haikufanya kazi upesi, na kwa muda Genoveva alidhani wamechelewa. Kisha goti lilitulia, halafu shingo. Bura alipangusa mdomo kwa mkono wa koti la shemeji.

"Asante, mtendaji," alisema. Hakuwa anadhihaki.

Kila mtu aliendelea na kazi yake. Barua iliandikwa kwa kompyuta, karatasi ikakwama, ikaandikwa kwa mkono. *Mtajwa hapo juu ni mkazi wa kata hii, hana uwezo wa kugharimia matibabu.* Kisha wino wa mhuri ulikuwa umekauka, Isidori akatumwa dukani, akarudi bila wino, wakatemea mate kwenye kidau cha wino mpaka duara likaonekana. Barua ilipokamilika ilikuwa saa saba na nusu. Isidori alimpandisha Bura kwenye pikipiki, na Genoveva akampa barua na mkoba wenye shuka, sahani na kijiko.

"Dada, wewe hupandi?"

"Nakuja na nyingine."

"Si ulisema utakaa na mimi?"

"Nimesema nakuja, Bura. Mshike kiuno, usimwachie."

Alisimama mpaka walipopotea kwenye mteremko wa kuelekea kijiji cha Daudi, kisha akaingia ndani na kuweka sahihi. *Amekiri kwa hiari yake mwenyewe kupika na kumiliki pombe haramu ya moshi.* Aliandika jina lake lote, kwa mwandiko wa shule ya misheni, herufi zimelala upande mmoja.

Onesphory aliiinua chupa kwenye mwanga. Ilikuwa imeshuka chini ya nusu. Tangu asubuhi Bura alikuwa amekunywa viglasi vitatu, na Marieta hakuwa ameijaza kwa sababu ilikuwa ya safari tu. Mtendaji alifikiri kidogo. Akaenda kwenye ndoo ya maji ya kunywa, akachota kwa kikombe, akaijaza chupa mpaka shingoni, akapangusa kwa leso.

"Ya picha," alisema. "Inakwenda kwenye grupu la watendaji. Chupa nusu haionekani vizuri."

Alimpa aishike. Genoveva aliishika kifuani, ikapigwa picha, ikapigwa nyingine kwa sababu ya kivuli. Aliambiwa atalala kwenye chumba cha mbegu, kuna gunia na blanketi, na kesho gari la wageni litawachukua wote watatu, yeye na yule mwingine na mzee asiyeona.

Saa tisa na dakika kumi simu yake iliita mezani. Onesphory aliipokea, akaweka sauti ya juu kama alivyofanya mara ya kwanza.

"Amefika," Zita alisema. "Nimeshamchoma ya kwanza, amelala. Barua imekubaliwa ingawa mhuri hausomeki. Wewe uko wapi?"

"Niko kata. Nitakaa mpaka kesho."

Zita hakuuliza kwa nini. Pengine alishaambiwa na Isidori. "Mimi natoka sasa. Zamu ya usiku ni nesi mmoja kwa wodi mbili. Vidonge vyake ni kila baada ya saa sita, na ni ndugu ndiye anayekwenda kumwamsha nesi. Nani atakaa naye?"

"Nipe Isidori."

Simu ilipita mkono kwa mkono. "Mama," Isidori alisema.

"Isidori. Kaa naye leo tu. Amekuchimbia msingi."

Walimsikia akihema. Onesphory aliinamia simu.

"Arudi," alisema. "Usiku tuna doria ya gongo. Nina mgambo wawili tu."

"Umesikia, mama," Isidori alisema. "Nisamehe."

Zita alirudi hewani. Genoveva aliuliza kama wodi ina mlango unaofungwa. Haina. Aliuliza ng'ambo ya geti kuna nini siku hizi, ingawa alikuwa anajua. Kuna vilabu viwili, Zita alisema, na cha tatu kinajengwa.

"Mvue viatu," Genoveva alisema. "Vifungie mahali."

"Mama, atakwenda peku."

"Mvue na suruali. Koti pia. Muachie shuka. Ni mtu mwenye haya, hata akilewa hajawahi kutembea uchi."

"Sheria hainiruhusu kumnyang'anya mgonjwa nguo."

Onesphory alijifanya anasoma daftari.

"Kuna kabati," Zita alisema mwishowe. "Nitafungia humo. Lakini ufunguo unabaki kwangu, na mimi kesho niko Babati. Mpaka Ijumaa."

"Na vidonge?"

"Nitamwachia chini ya mto. Nitamweleza saa zake."

Bura hajui kusoma saa, na Zita hakuwa na jinsi ya kujua hilo. Genoveva alifungua mdomo amwambie, lakini simu ilikuwa imeshakatika, salio limekwisha upande ule. Aliomba apige yeye. Onesphory aliiangalia simu, akaizima, akaiweka kwenye droo pamoja na kiglasi.

"Mali ya mtuhumiwa hukaa hapa, mama," alisema. "Utaandikiwa risiti."